Kitabu Kisichozidi Milimita 76

Kitabu kidogo cha msanii ni kazi ya sanaa iliyoumbwa kama kitabu, ikabuniwa na kutengenezwa kwa mkono kwa ukubwa unaoenea kiganjani. Hakifanani na kitabu cha kawaida kilichopunguzwa vipimo. Udogo wake una kazi, kwa kuwa msanii ameuchagua akiona kwamba jambo lake halisemeki vizuri kwa ukubwa mwingine. Miniature Book Society, chama cha wakusanyaji na watengenezaji kilichoanzishwa Marekani mwaka 1983, hukihesabu kuwa kidogo kitabu ambacho urefu, upana na unene wake havizidi inchi 3, yaani milimita 76. Kwingineko wakusanyaji hukubali hadi milimita 100. Vinavyoshuka chini ya inchi 1 vina kundi lake peke yake.

Ama kuhusu kitabu cha msanii, hakikusudiwi hapa kitabu kinachozungumzia sanaa wala albamu ya picha za mchoraji. Ni kitabu ambacho msanii mwenyewe ameamua kila kilichomo: maneno, picha, karatasi, mkunjo, mshono, jalada na hata namna msomaji atakavyokifungua. Sanaa hii ilipata nguvu Marekani na Ulaya katika miaka ya 1960 na 1970. Mwaka 1979 Hedi Kyle, mhifadhi wa vitabu aliyefanya kazi Philadelphia, alibuni kitabu ambacho kurasa zake ni vipande vilivyobandikwa kwenye mikunjo ya mgongo, vikawa vinapepea kama bendera kila kinapovutwa. Kitabu cha aina hiyo husomwa kwa mikono sawasawa na kinavyosomwa kwa macho.

Udogo wenyewe ni wa kale. Chuo Kikuu cha Köln, Ujerumani, kinahifadhi kitabu cha Kigiriki kinachosimulia maisha ya Mani, mwasisi wa dini ya Umani, kilichoandikwa kwa mkono juu ya ngozi yapata karne ya 5. Ukurasa wake una upana wa milimita 38 na urefu wa milimita 45, na katika nafasi hiyo mwandishi amepanga takriban mistari 23. Nchini Ethiopia waandishi wa kanisa wametengeneza kwa karne nyingi vitabu vya sala vya ngozi, vyenye majalada ya mbao, vinavyotembea na mwenyewe ndani ya mkoba wa ngozi. Haja hiyohiyo ya kubeba andiko ndiyo iliyompa soko David Bryce, mchapishaji wa Glasgow, ambaye yapata mwaka 1900 alitoa msahafu wenye urefu usiofika milimita 30. Maandishi yake yalipunguzwa kwa njia ya picha, na msahafu ukawekwa ndani ya kikasha cha chuma chenye kioo cha kukuza kwenye kifuniko. Askari Waislamu waliubeba katika Vita vya Kwanza vya Dunia. T. E. Lawrence, afisa wa jeshi la Uingereza, alisimulia kwamba Auda abu Tayi, kiongozi wa kabila la Howeitat, alinunua msahafu wa Glasgow kwa pauni 120 akauvaa kwa miaka 13 bila kujeruhiwa, ilhali bei yake halisi ilikuwa peni 18. Msomaji wa pwani anayeijua hirizi iliyoshonwa ndani ya ngozi hatalishangaa jambo hilo, maana andiko la kuvaliwa mwilini huthaminiwa kwa kubebwa kwake hata kabla halijasomwa.

Hata hivyo, mfano unaomfaa zaidi msanii wa leo ulitoka mikononi mwa watoto. Juni 1826 kasisi Patrick Brontë wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alimletea mwanawe Branwell askari 12 wa mbao. Branwell na dada zake wakawapa askari hao majina, nchi, siasa na hatimaye majarida. Charlotte, ambaye baadaye aliandika riwaya ya Jane Eyre, akishirikiana na Branwell, akatengeneza vitabu vinavyolingana na kimo cha askari wao. Walikata karatasi za mabaki, wakazikunja na kuzishona kwa uzi, na baadhi wakazitia jalada la karatasi ya mfuko wa sukari. Mwandiko wao uliiga herufi za chapa, tena kwa udogo unaomlazimu mtu mzima kutafuta kioo cha kukuza. Toleo moja la jarida la Charlotte la mwaka 1830 lina upana wa milimita 35 na urefu wa milimita 61, na kurasa zake 20 zimebeba maneno zaidi ya 4,000. Lilinunuliwa Paris mwaka 2019 kwa euro 600,000 likarudishwa Haworth. Kitabu chake kingine, chenye mashairi 10 aliyoyaandika mwaka 1829 akiwa na umri wa miaka 13, kiliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 1.25.

Bei hizo zimeletwa na jina la mwandishi. Lakini usanifu wa vitabu hivyo ungestahili kuchunguzwa hata kama Charlotte asingeandika riwaya yoyote. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa askari wa mbao, na urefu wa ukurasa, umbo la herufi na idadi ya maneno vyote vilipimwa kwa ajili yake. Hakuna kipimo kilichowekwa kwa kubahatisha.

Karibu miaka mia moja baadaye vitabu vya kimo cha wanasesere vilitengenezwa tena Uingereza, safari hii kwa fahari. Nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, ilijengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12 na kuwekewa maktaba. Waandishi mashuhuri waliandika kwa mkono, na vitabu vikatiwa majalada na kampuni ya Sangorski & Sutcliffe ya London. Arthur Conan Doyle alitoa kisa kipya cha Sherlock Holmes chenye takriban maneno 500, kikatandazwa katika kurasa zaidi ya 30, yaani maneno kama 15 kwa ukurasa. Jarida la Charlotte lina maneno kama 200 kwa ukurasa unaokaribiana nao kwa ukubwa. Njia zote mbili ni halali: Charlotte alisonga maandishi ili yafanane na jarida la kweli, Conan Doyle akayapa nafasi ili mtu mzima asome bila taabu. Msanii anayeanza lazima achague mojawapo mapema, kwa sababu uamuzi huo ndio unaoamua karatasi, wino na idadi ya kurasa.

Kuna pia mashindano ya udogo kwa ajili ya udogo. Mwaka 2013 kampuni ya Toppan ya Japani ilichapa kitabu cha maua chenye kurasa 22, kila ukurasa ukiwa na upana wa karibu milimita 0.75. Ni ufundi wa hali ya juu wa mitambo, lakini kitabu ambacho jicho haliwezi kukisoma na kidole hakiwezi kukifungua kimetoka katika sanaa inayozungumzwa hapa.

Ubunifu huanza na maudhui. Andiko refu halifai kulazimishwa kuingia mahali padogo, na kwa bahati Kiswahili kina tanzu fupi zilizojengwa kwa namna inayokubali kurasa chache. Kitendawili ni mfano mzuri: kina anayetega, kina anayetafuta, na kina subira kati yao. Katika kitabu kidogo subira hiyo inaweza kuwa kitendo cha kufungua ukurasa, au kipande cha karatasi kinachoinuliwa ili jibu lionekane chini yake. Jina la kanga nalo linakubali kugawanywa neno moja kwa kila mkunjo, likasomeka kamili pale tu kitabu kinaponyooshwa chote. Orodha ya majina ya wazee wa ukoo, ramani ya mtaa mmoja, mapishi ya kitoweo kimoja, michoro ya majani ya mti mmoja kwa majira tofauti, zote ni mada zinazoenea. Riwaya haimo.

Baada ya mada huja hesabu. Tuchukue ukurasa wenye upana wa milimita 52 na urefu wa milimita 74, ambao umo ndani ya kipimo cha milimita 76. Pambizo za milimita 6 kila upande zikiondolewa, hubaki eneo la milimita 40 kwa 62. Herufi za pointi 6, zenye nafasi ya pointi 8 toka mstari hadi mstari, hutoa mistari ipatayo 21, na kila mstari hubeba maneno 5 hivi ya Kiswahili. Huo ndio upeo, na ukurasa ukiujaza wote huchosha. Nusu yake inatosha. Maneno ya Kiswahili huweza kuwa marefu kwa sababu ya viambishi, kwa hiyo kuyalinganisha pande zote mbili katika safu nyembamba huacha mapengo yasiyopendeza. Ni bora mistari ianzie sawa kushoto na kuishia popote kulia, na neno likilazimika kukatwa likatwe baada ya irabu, mwisho wa silabi.

Karatasi ndiyo inayoangusha vitabu vidogo vingi. Katika kitabu kikubwa ukurasa hulala kwa uzito wake wenyewe. Ukurasa wa milimita 30 kwa 40 wa karatasi ya kawaida ya ofisini, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, hauna hata gramu 0.1, na ugumu wake ni uleule wa karatasi kubwa, kwa hiyo husimama wima na kitabu hakifunguki. Dawa yake ni karatasi nyembamba na laini, kama ile ya Biblia na misahafu ya mfukoni au karatasi za Kijapani za nyuzi za mforosadi, pamoja na kufuata uelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja, nazo zinapaswa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Uelekeo huo hujulikana kwa kuikunja karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa marefu, kisha kwa mapana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo uliokwenda kinyume hupasuka nyuzi zikaonekana, na jalada lililobandikwa kinyume hupinda.

Hapo ndipo karatasi ya A4 inapotoa fursa ambayo wengi hawaitambui. Kwa kawaida nyuzi za A4 hulala kwa urefu. Ikikunjwa nzima kuwa kitabu cha kurasa 8, mgongo huzikata nyuzi na kitabu huwa kigumu, tena urefu wake hufika milimita 105, nje ya kipimo. Ikikatwa kwanza katikati kuwa A5 mbili, kila nusu hutoa kitabu cha milimita 52 kwa 74 ambacho nyuzi zake zimefuata mgongo. Nusu ya karatasi moja, basi, inatosha kutengeneza kitabu kidogo kinachokubalika na kinachofunguka vizuri.

Utengenezaji wake ni huu. A5 hukunjwa katikati kwa marefu na kufunguliwa. Kisha hukunjwa katikati kwa mapana, na kila nusu ikakunjwa tena hadi mstari wa kati, zikapatikana sehemu 8. Karatasi ikiwa imekunjwa katikati kwa mapana, hukatwa kwa mkasi kuanzia upande wa mkunjo, kufuata alama ya urefu, na kusimama inapokutana na mkunjo unaofuata. Ikifunguliwa huwa na mpasuo katikati wenye urefu wa sehemu mbili. Hukunjwa tena kwa marefu, ncha zake mbili zikasukumwa kuelekeana hadi mpasuo ukafunguka na kurasa zikajipanga kama msalaba, kisha huzungushiwa upande mmoja na kubanwa. Kabla ya kuchora chochote ni lazima kutengeneza kielelezo kitupu, kukiandika namba za kurasa kwa penseli na kukifungua. Safu moja ya kurasa nne itaonekana imegeuka juu chini, na huo ndio mpango utakaofuatwa katika karatasi halisi.

Kitabu cha kurasa nyingi zaidi hushonwa. Mshono wa matundu matatu unatosha kwa fungu moja la karatasi zilizopachikana. Matundu hutobolewa kwa pini au msharasi mwembamba kwenye mkunjo, moja katikati na mengine milimita 12 kutoka kila mwisho. Sindano huingilia tundu la kati kutoka ndani, hurudi ndani kwa tundu la juu, hushuka moja kwa moja hadi la chini na kutokea nje, kisha hurejea ndani kwa tundu la kati. Ncha mbili za uzi hukaa pande mbili za mshono mrefu na kufungwa juu yake. Karatasi za ndani zitachomoza kidogo kuliko za nje, kwa hiyo ukingo hukatwa baada ya kushona. Wembe mpya na rula ya chuma ndivyo vinavyotumika, na mkono hupita mara nyingi kwa wepesi. Anayekandamiza ili akate kwa mara moja huziburuta kurasa.

Mafungu yakiwa mengi, unene wa uzi huwa tatizo linaloonekana zaidi kuliko katika vitabu vikubwa. Mafungu 6 ya karatasi 4 kila moja, zenye unene wa milimita 0.1, yakishakunjwa yana jumla ya milimita 4.8. Uzi wa milimita 0.3 ukipita katika kila fungu huongeza milimita 1.8 upande wa mgongo peke yake, na kitabu huwa chembamba mbele na kinene nyuma. Uzi mwembamba wa cherehani uliopakwa nta ya nyuki huondoa sehemu kubwa ya kasoro hiyo. Mshono wa mnyororo unaotumiwa Ethiopia, unaounganisha fungu kwa fungu bila gundi, hufaa sana hapa, kwa sababu huruhusu kitabu kulala wazi hata kikiwa kidogo kiasi gani.

Kwa maandishi na picha, kalamu ya wino usiofutika kwa maji yenye ncha ya milimita 0.1 humpa msanii mistari safi. Printa ya leza husaidia, ila wino wake wa unga hubanduka penye mkunjo, kwa hiyo picha isivuke mgongo. Njia rahisi na nzuri kuliko inavyodhaniwa ni kuchonga mhuri kwenye ufutio wa shule kwa wembe. Ufutio mmoja unaenea karibu ukurasa mzima, na mhuri mmoja hutoa picha kwa nakala zote.

Jalada hudai kipimo chake. Katika kitabu kikubwa hutokeza milimita 3 nje ya kurasa, lakini katika kidogo milimita 1 inatosha, la sivyo kitabu huonekana kimevaa nguo ya mtu mwingine. Kadibodi isizidi unene wa milimita 1. Ngozi ya mbuzi hupendeza, lakini lazima ikwanguliwe upande wa ndani hadi ikaribie wembamba wa karatasi, hasa kwenye pembe inapokunjwa. Kazi ya kujalidi kwa ngozi si ngeni katika pwani: Siyu, kisiwani Pate, ilisifika kwa waandishi wa misahafu na kwa mafundi wake wa ngozi. Kitambaa cha kanga nacho hufaa, kikishabandikwa karatasi nyembamba kwa nyuma ili gundi isipenye. Ua kubwa la mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, huonekana kama doa la rangi tu juu ya jalada la milimita 74, na kwa hiyo vipande vyenye nakshi ndogondogo, aghalabu vya pindo, ndivyo vya kuchagua. Kwa anayetaka karatasi ya mkono, kituo cha Neema Crafts mjini Iringa, kinachoajiri watu wenye ulemavu, kimejulikana kwa karatasi ya kinyesi cha tembo. Ukwaru wake hauifai kurasa za ndani, lakini huwa jalada zuri.

Gundi ya unga wa ngano uliopikwa kwa maji hulainika, humpa fundi muda wa kurekebisha na hubandukika kwa maji kitabu kikihitaji matengenezo. Udhaifu wake ni kuwavutia wadudu na kuota ukungu penye unyevu, jambo linaloonekana haraka katika miji ya pwani. Gundi nyeupe ya mbao haina shida hiyo, ila hukauka upesi na haitoki tena. Mafundi wengi huchanganya zote mbili. Gundi ipakwe nyembamba, kuanzia katikati kwenda pembeni, kitabu kitiwe karatasi ya nta kati ya jalada na kurasa, kisha kilale chini ya uzito usiku mzima. Kukifungua kabla hakijakauka ndiyo sababu kubwa ya majalada yaliyopinda.

Kitabu cha ukubwa huu hupotea kwa urahisi, hivyo kasha ni sehemu ya kazi yenyewe. Linaweza kuwa kisanduku cha kadibodi kilichofunikwa kwa kitambaa cha jalada, au kifuko cha ngozi chenye kifungo. Kasha zuri hukishika kitabu bila kukibana, na huachiwa nafasi ya kidole pembeni.

Ukurasa wa mwisho ni wa taarifa za kitabu: jina la msanii, mji, mwaka, aina ya karatasi na wino, idadi ya nakala na namba ya nakala hiyo, kwa mfano 3/20, pamoja na sahihi ya penseli. Afrika ina mahali panapokusanya kazi za namna hii kwa uzito unaostahili, kikiwemo Kituo cha Jack Ginsberg cha Sanaa ya Vitabu, kilichofunguliwa mwaka 2019 katika jumba la sanaa la Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Huko Baku, Azerbaijan, kuna makumbusho ya vitabu vidogo peke yake, yaliyofunguliwa mwaka 2002. Anayetengeneza kitabu chake cha kwanza kwa nusu ya karatasi ya A4 aziandike taarifa hizo hata kama nakala ni moja tu, maana mkutubi hawezi kusajili kazi isiyo na jina wala mwaka.